Jengo lina cheti, mpangaji hana

Wapenzi wa ngumi wa rika la baba zetu wanaujua mji wa Lewiston bila kujua kwamba wanaujua. Ile picha ya Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston, mkono umekunjwa kifuani, anamfokea ainuke, ilipigwa pale usiku wa tarehe 25 Mei 1965, ndani ya ukumbi wa mpira wa magongo wa barafuni. Pambano lilikuwa lifanyike Boston, likakwama, likahamishiwa mji mdogo wa viwanda vya nguo katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Walioingia ukumbini walikuwa 2,434 tu. Liston akalala raundi ya kwanza, watu wakarudi makwao wakinung'unika, na dunia ikausahau mji.

Ukumbi ule bado upo. Ukitoka hapo ukaelekea upande wa mtoni hukawii kufika Lisbon Street, mtaa wa maduka wa mji huo. Kila mji mdogo wa Marekani una mtaa wa namna hii: majengo ya matofali ya ghorofa tatu au nne, yamebanana bega kwa bega, chini fremu za maduka, juu ofisi za mawakili na madaktari wa meno, kumbi za vyama, vyumba vya kupanga. Hapa lipo jengo la Lyceum Hall la mwaka 1872, ambalo ghorofani lilikuwa na ukumbi wa maonyesho na chini likiuza bidhaa. Kwa hesabu za kwetu Lewiston ni kijiji kilichochangamka. Sensa ya 2020 ilikuta watu 37,121, idadi ambayo kata moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam inaimeza. Lakini Maine nayo ina watu wachache, kwa hiyo huo ndio mji wake wa pili kwa ukubwa.

Mwaka 1985 sehemu ya chini ya mtaa huo iliingizwa katika Daftari la Taifa la Maeneo ya Kihistoria. Ni heshima, na siidharau. Ila cheti cha namna hii hukaa zaidi kwenye matao ya madirisha, nakshi za paa, mwaka wa ujenzi na jina la msanifu. Nani aliuza nini humo ndani, alimuuzia nani, na alilipa pango kiasi gani, hayo hupita kwa haraka, na mtaa wa maduka hauelezeki bila hayo. Ninachodai hapa ni kwamba Lisbon Street imesimamishwa mara mbili na wageni waliofuata pango la bei nafuu, na kwamba mfumo wa Marekani wa kuhifadhi mitaa kama huu umejengwa kumlipa mwenye ukuta. Aliyewasha taa dukani hayumo kwenye hesabu.

Tuanze na miguu, maana mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya watu wanaotembea. Mji ulikaa pale kwa sababu ya maporomoko ya Mto Androscoggin. Wahamiaji kutoka Ireland walichimba mifereji ya kuyapeleka maji viwandani, na mwaka 1850 Benjamin Bates, tajiri wa Boston, akaanzisha kiwanda kilichobeba jina lake. Mwaka 1874 tawi la reli likafika, likauunganisha mji na njia kuu ya kwenda Quebec, Kanada. Kuanzia hapo familia za wakulima wanaosema Kifaransa zikawa zinashuka na masanduku yao kwenye kituo kilichopo Lincoln Street na kupanga papo hapo karibu na kituo. Mtaa wao ukaitwa Little Canada. Kufikia mwaka 1880 mji ulikuwa na gazeti lake la Kifaransa, Le Messager.

Mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na farasi wala gari. Mshahara ulitoka kiwandani kwa miguu, ukapita Lisbon Street kwa miguu, na sehemu yake nono haikufika nyumbani. Ndiyo maana ya fremu nyembamba. Viwanja vya mitaa ya maduka katika miji ya Marekani ya karne ya 19 vilipimwa mara nyingi kwa upana wa futi 20 hadi 25, vikaenda mbali kwa nyuma. Upana mdogo ulimaanisha milango mingi katika hatua chache, na mlango mmoja uliwezwa na mtu mwenye mtaji mdogo. Fundi viatu aliweza kukaa jirani na benki. Hakuna mpangaji wa miji aliyekaa kuibuni hekima hiyo. Ardhi karibu na viwanda ilikuwa ghali, na kila mfanyabiashara alitaka japo kipande cha mbele.

Kisha likaja gari. Mwaka 1955 barabara kuu ya kulipia ya Maine ilirefushwa kutoka Portland hadi Augusta ikipita kando ya Lewiston, na mteja mwenye gari akaanza kuuliza swali ambalo mtaa wa 1872 haukuwahi kuulizwa: nitaegesha wapi? Mwaka 1979 jumba la maduka lilifunguliwa Auburn, ng'ambo ya mto, likiwa na uwanja wa maegesho usio na mwisho. Mwaka 1982 duka kubwa la Peck's, ambalo lilikuwa fahari ya mji kwa miaka mia moja, likafunga. Viwanda vyenyewe vilikuwa vinahamia majimbo ya kusini kwenye vibarua wa bei ya chini, na baadaye nje ya nchi. Mwaka 1992 manispaa ilijikuta ndiyo mmiliki wa majengo ya Bates kwa sababu ya kodi zisizolipwa. Wakazi waliokuwa 41,779 mwaka 1970 walibaki 35,690 mwaka 2000.

Lisbon Street ya miaka hiyo ilikuwa ya mabaa yenye sifa mbaya na vioo vilivyobandikwa karatasi kwa ndani. Nasisitiza jambo moja hapa, kwa sababu ndilo linalosahaulika kila inapoandikwa historia ya miji iliyoinuka: mtaa ulikuwa na cheti chake cha kihistoria muda wote huo. Miaka 16 ilipita tangu kuandikishwa hadi wateja wapya walipotokea, na cheti hakikuleta hata mnunuzi mmoja wa soksi.

Walioleta wateja walianza kuwasili Februari 2001. Walikuwa familia za Kisomali ambazo Marekani ilikuwa imezipokea kama wakimbizi na kuzipanga katika miji mikubwa, Atlanta kwa mfano. Wakaona shule zake hazifai na mitaa yake ni ya hatari, wakaanza kuuliziana kwa simu mji mwingine uko wapi. Walifika Portland, mji mkubwa wa Maine, wakakuta nyumba zimejaa. Lewiston, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, ilikuwa na vyumba vitupu tele. Hawakuvutiwa na mandhari wala nakshi za paa. Walifuata vyumba na usalama wa watoto, kama Wakanada wa 1874 walivyofuata mshahara. Mwishoni mwa 2002 walikuwa wamepita elfu moja.

Oktoba mwaka huo meya, Laurier Raymond, aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwaomba wawazuie ndugu zao wasije, kwa kuwa mji umeelemewa. Jina lake lenyewe, Laurier, ni la Kifaransa cha Quebec. Wenye jina kama hilo walikuwa wamekatazwa kufundishwa kwa lugha yao katika shule za umma za Maine kwa sheria ya 1919, na katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan wa jimbo hilo, kundi la wabaguzi weupe, kwa kukosa watu weusi wa kuwaandama, waliwaandama wao kwa Ukatoliki wao. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila msemo huo una shida moja: mwenyeji lazima kwanza akubali kwamba alikuwa mgonjwa. Januari 11, 2003, wabaguzi wachache, makumi tu, walikuja kufanya mkutano wa chuki, na zaidi ya watu 4,000 wakakusanyika upande mwingine wa mji kuwapinga. Mwaka 2006 mtu alitupa kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti uliokuwa katika fremu mojawapo ya Lisbon Street, watu wakiwa katika swala. Habari hizi zilizunguka dunia, pamoja na ile tamu ya vijana wa sekondari ya Lewiston waliochukua ubingwa wa soka wa jimbo mwaka 2015. Sizipuuzi. Lakini waandishi wengi walitazama mikutano na viwanja vya mpira, wakapita bila kuangalia milango ya maduka, na huko ndiko kuna somo la uchumi.

Duka la Kisomali la Lisbon Street lingemshangaza mshauri wa biashara aliyesomea darasani. Ndani ya chumba kimoja kuna mchele wa magunia, tende, nyama ya halali kwenye friji, baibui na madira yaning'inia, udi na ubani, mashuka, sufuria kubwa za karamu, kadi za simu, na pembeni dawati la kutuma hela. Mteja anaingia kununua kilo ya nyama, anatoka na habari ya msiba. Mtanzania angeliita duka la Mangi lililooana na saluni na posta. Mshauri angesema halina mwelekeo. Mwelekeo wake ni mteja asiye na gari, anayekaa vyumba vya kupanga dakika tano kutoka hapo, na theluji iko nje: mtu huyo anataka safari moja imalize shida zote. Ni mteja yuleyule wa 1890 amerudi, safari hii amevaa hijabu chini ya koti la baridi, na fremu nyembamba iliyomkataa mwenye gari ikamfaa.

Mbinu hii haikuzaliwa Maine. Wengi wa wenye maduka hao walipitia Kenya, na wengine walipitia Eastleigh, Nairobi, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi walikuwa wakiuzia bidhaa zao ndani ya vyumba vya kulala wageni. Garissa Lodge iligeuka hivyo, chumba kwa chumba, hadi nyumba ya wageni ikawa soko, na kutoka hapo likaja lundo la majumba ya maduka yanayolisha Afrika Mashariki nzima kwa nguo. Siri yake ni kukigawa chumba, kisha kukigawa tena, mpaka kila mwenye kimtaji apate mlango au hata meza. Lisbon Street ilikuwa na vyumba vingi na wapangaji sifuri. Kwa macho ya manispaa hilo lilikuwa janga. Kwa macho ya mtu aliyetoka Eastleigh, mahali fremu inapogombewa kwa kilemba, ilikuwa neema isiyo na maelezo.

Na mtaji? Muislamu anayeogopa riba haendi benki kukopa, na benki nayo haina haja na mtu asiye na historia ya mikopo Marekani. Kilichotumika ni kile Wasomali wanachokiita hagbad au ayuuto, jina la pili likitokana na neno la Kiitaliano la msaada. Sisi tunakiita upatu, Wakenya chama. Kina mama kumi na wawili wanachanga kila mwezi, mmoja anabeba lote. Juu ya hapo kuna mali kauli: bidhaa zinatoka kwa msambazaji kwa ahadi ya mdomo, zinalipwa zikiuzika. Novemba 2001 serikali ya Marekani ilifunga ofisi za kampuni kubwa ya hawala (kutuma pesa) ya Kisomali, al-Barakaat, katika msako uliofuata mashambulizi ya Septemba, na njia za pesa zikawa ngumu kwa kila mtu. Duka la kwanza la Kisomali katika mji mgeni lilikuwa linazaliwa katika hali hiyo, bila mkopo, bila bima ya jina. Ongeza pango la mji mkubwa juu yake, lisingezaliwa.

Hapa ndipo nataka msomaji atulie. Tukitaja mali ya mtaa wa kale tunataja uzuri wake. Lisbon Street ya 2001 ilikuwa mbovu, na ubovu wake ndio uliokuwa mlango. Jengo jipya lazima lilipe deni la ujenzi, kwa hiyo linahitaji mpangaji mkubwa, kampuni yenye matawi mia. Jengo la 1872 lilishalipwa zamani, mwenyewe amekata tamaa, na anakubali pango lolote kuliko kulipia kodi ya jengo tupu. Pengo hilo kati ya deni lililokwisha na matumaini yaliyokwisha ndilo analopita mtu mwenye mtaji wa upatu. Likizibwa, hata kwa nia njema, anabaki nje.

Nisiwafanye Wasomali wa Lewiston malaika wa uchumi. Maduka yanayouza vitu vilevile mlango kwa mlango hugombania wateja walewale, faida huwa nyembamba, na biashara nyingi za namna hii hufa changa popote duniani. Wala hawakuubeba mji peke yao. Hospitali mbili na chuo cha Bates College ndizo zinazoajiri watu wengi, na majengo ya viwanda yaliyokarabatiwa yamejaa ofisi na vyumba vya kisasa. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho na ninakisimamia: mtaa wenyewe, ule wa maduka na kutembea, ulipata tena sababu ya kuwashwa taa saa kumi na moja jioni wakati wa baridi kutoka kwao.

Baada yao walikuja wengine, na msomaji wa Kiswahili anapaswa kulijua kundi hili. Ni wale wanaoitwa Wabantu wa Kisomali, waliofika Lewiston kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Mababu zao wengi walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa kulima bonde la Mto Shebelle, kusini mwa Somalia. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya kando ya Mto Juba na kuanzisha vijiji vyao. Vita vya Somalia vilipoanza walikimbilia Kenya, na wachache wakarudi Handeni, Tanga, walikotoka wazee wa wazee wao, wakapokewa huko Chogo na hatimaye wakapewa uraia wa Tanzania. Marekani ilikubali kuchukua wapatao 12,000. Walihamishwa kutoka kambi za Dadaab hadi kambi ya Kakuma, zote za Kenya, mwaka 2002, kisha wakasafirishwa. Wengi wao wanasema Kimaay, lakini wapo wanaosema Kizigua, Kizigua ambacho mtu wa Handeni akikisikia anaelewa, na Kiswahili wamekibeba kutoka kambini. Juu yao wameongezeka Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waangola na Wajibuti. Vikongwe wa asili ya Quebec, ambao watoto wao waliacha Kifaransa kwa aibu ya shule, sasa wanapata Waafrika wa kupiga nao soga kwa lugha hiyo. Ningependa kusikia mazungumzo hayo kuliko hotuba yoyote ya umoja wa mataifa.

Sasa turudi kwenye cheti. Sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ya Marekani ya 1966 ndiyo iliyoanzisha Daftari la Taifa, na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kuandikishwa hakuzuii kubomoa. Mwenye jengo akitumia pesa yake mwenyewe, bila ruzuku wala kibali cha serikali kuu, anaweza kulivunja jengo lililoandikishwa asubuhi na kujenga maegesho, isipokuwa sheria ya mji imemzuia. Nguvu halisi ya daftari iko kwenye kodi. Mwenye kukarabati jengo la kihistoria linaloingiza kipato, kwa viwango vinavyokubalika, anapunguziwa kodi ya serikali kuu kwa asilimia 20 ya gharama zake, na tangu sheria ya 2017 nafuu hiyo hutolewa kwa miaka mitano. Jimbo la Maine tangu 2008 lina nafuu yake ya ziada, asilimia 25. Ukikarabati kwa dola milioni moja, karibu nusu inarudi. Ndiyo iliyowezesha viwanda vingi vikongwe vya New England, yaani Maine na majimbo jirani, kugeuka makazi, na bila hiyo paa nyingi zingeshaanguka. Anayeipinga nafuu hii kwa jumla ajiulize tofali lililoloa maji kwa majira ishirini ya baridi linasimamaje.

Lakini soma masharti. Ili upate nafuu ya serikali kuu, lazima gharama za ukarabati, kwa kawaida ndani ya miezi 24, zizidi thamani ya jengo kwenye vitabu vya kodi au dola 5,000, kipi ni kikubwa. Yaani uligeuze jengo lote kwa mkupuo. Mwenye nyumba anayebadilisha paa mwaka huu, madirisha mwaka ujao, na kumwachia mpangaji apake rangi mwenyewe, mara nyingi hapati kitu cha nafuu hiyo. Sheria inalipa mkupuo mkubwa, haijui haba na haba. Na ukishamwaga milioni moja, hata ukirudishiwa nusu, ile nusu nyingine inataka kurudi kupitia pango. Fremu inayofuata inafunguliwa na mkahawa wa kahawa ya bei ya wali wa watu watatu. Sina ugomvi na kahawa. Nauliza tu duka lenye sufuria za karamu linahamia wapi, na wateja wake wasio na gari wanalifuata kwa usafiri gani.

Wamarekani wenyewe walishaanza kuliona tatizo upande mmoja. Mwaka 1977 shirika la kitaifa la kuhifadhi majengo lilichagua miji mitatu midogo ya kufanyia majaribio: Galesburg huko Illinois, Madison huko Indiana, na Hot Springs huko South Dakota. Walikuwa wamechoka kuokoa majengo ambayo yanabaki matupu. Jawabu lao lilikuwa kumweka mtu wa kudumu mtaani, kazi yake kuwakusanya wenye maduka, kuandaa masiku ya mauzo, kushauri juu ya mabango na vioo vya mbele. Mwaka 1980 jaribio likawa mpango wa nchi nzima. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu ulikiri kwamba mfanyabiashara naye ni sehemu ya urithi. Bado lakini mpango huo hauna mamlaka juu ya pango. Unaweza kuupendeza mtaa hadi waliouchangamsha wasiumudu.

Wapo watakaosema hiyo ndiyo biashara: aliyeshindwa pango ahame, kama Peck's alivyoondoka. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama soko lingekuwa limeachwa lijiendeshe. Halijaachwa. Barabara ya 1955 haikujengwa na wauza soksi, na nusu ya ukarabati inabebwa na walipa kodi, miongoni mwao muuza mchele wa gunia. Ukishachangia ukuta, una haki ya kuuliza kuhusu mlango. Manispaa nayo ina sababu ya ubinafsi ya kumlinda mwenye fremu ndogo. Mchambuzi Joe Minicozzi alipopiga hesabu katika mji wa Asheville, North Carolina, alikuta duka la Walmart linalipa kodi ya majengo dola 6,500 hivi kwa ekari, wakati jengo la kale la katikati ya mji lenye maduka chini na makazi juu lililipa takribani dola 634,000 kwa ekari. Majengo yale membamba yanakamua pesa kutoka ardhi ndogo kuliko uwanja wowote wa maegesho, na yanaikamua pale tu yanapokuwa na watu ndani.

Ningekuwa na kalamu ya kurekebisha sheria hiyo ningeanza na mahali padogo pasipotajwa kwenye hotuba. Nafuu ya asilimia 20 haijafungwa kabisa kwa mpangaji. Anaweza kuidai kwa gharama alizotumia yeye mwenyewe, kwa sharti kwamba siku ukarabati unapokamilika mkataba wake uwe umebakiza muda usiopungua ule ambao kodi ya Marekani huhesabia uchakavu wa jengo. Kwa nyumba za kuishi ni miaka 27 na nusu. Kwa maduka ni miaka 39. Nani ana mkataba wa fremu wa miaka 39? Kampuni kubwa labda, yenye mawakili wake. Mwenye duka la Lisbon Street anayelipa mwezi kwa mwezi, aliyepasua ukuta, akavuta umeme mpya na kufunga friji ya nyama kwa fedha za upatu, alikarabati jengo la kihistoria kwa kila maana ya neno hilo isipokuwa ya kisheria. Kama alifungua mlango mwaka 2002, mwenye nyumba angepaswa kumwandikia mkataba wa hadi 2041.